Hakuna Cha Kuona Kule

Mwaka 2009 nilimwambia mgeni uongo kuhusu nyumba ya mama yangu.

Wakati ule nilikuwa natembeza watalii Mji Mkongwe. Kazi hiyo kwa Kiingereza ina jina ambalo ulimi wetu ukilitamka linakuwa "gaidi", na utani huo tumeutania mpaka umechakaa. Nilikuwa na kitambulisho shingoni, jambo lililonitenga na mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii bila kibali, na nilikuwa na hadithi zangu zilizopangwa kwa vituo kama daladala. Siku ile mgeni wangu alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Leipzig. Tulikuwa tumetoka sokoni Darajani, tumesimama ukingoni mwa barabara, kila mmoja na chungwa lake lililomenywa, tukingoja gari zipungue. Akainua kidole kuelekea ng'ambo, juu ya mabati yenye kutu, kulikochomoza jumba refu la kijivu lisilo na mwisho.

"Lile ni nini?"

"Hakuna cha kuona kule," nikamjibu. "Nyumba za watu tu."

Ghorofa ya nne ya moja ya majumba yale ndiko nilikozaliwa. Saa ile, kwa kadiri ninavyomjua, mama yangu alikuwa ameshaanika nguo na anawapigia kelele watoto wa chini wasirushe mpira.

Yule mama akatabasamu, akasema yeye amelelewa kwenye jumba la aina ile ile, kwao, na angependa kulitazama. Akanilipa, akaongeza bakshishi, akavuka barabara peke yake. Mimi nikabaki upande huu na maganda ya chungwa mkononi.

Sikuwa na cha kujitetea. Nilikuwa nimesema kile ambacho kila mtu alikuwa anasema. Upande huu wa barabara kulikuwa na kibao cha urithi wa dunia cha UNESCO tangu mwaka 2000, kulikuwa na milango ya nakshi, na kila jiwe lilikuwa na thamani. Upande ule kulikuwa na sisi.

Habari hii niliipeleka barazani. Jaws Corner, kwa asiyepajua, ni njia panda ndani ya Mji Mkongwe ambapo wanaume hunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kuhakiki kila kitu, kuanzia bei ya pweza mpaka siasa za Marekani. Hapo alikuwa akikaa mwalimu mmoja mstaafu ambaye sote tulimwita Maalim. Alikuwa amesoma Ujerumani Mashariki enzi za ujana wake, kama vijana wengi wa Unguja wa wakati huo, akarudi na mambo mawili: kifua kilichoharibiwa na baridi, na tabia ya kusoma falsafa kwa Kijerumani.

Nilitaka anicheke yaishe. Badala yake akaniuliza, "Ulisema 'kule'. Kule wapi?"

"Ng'ambo, Maalim."

"Ng'ambo ya nini?"

Nikanyamaza. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Zamani palikuwa na mkono wa bahari baina ya Mji Mkongwe na huko kwetu, na daraja ndilo lililoipa Darajani jina lake. Maji yalifukiwa enzi za Waingereza, pakawa barabara. Maji yamekwenda, neno limebaki. Na neno hilo, alisema Maalim, lina mahali pake pa kusimama: anayesema "ng'ambo" amesimama mjini. "Sasa wewe uliyezaliwa huko, unapojiita mtu wa Ng'ambo, unajiangalia kutoka dirisha la nani?"

Hilo likawa somo langu la kwanza la uhakiki, na halikuhitaji kitabu. Kwamba kabla ya kulitazama jengo umeshapewa neno, na neno limeshakuchagulia upande wa kusimama.

Vitabu vilikuja baadaye, vya kuazima, na mimi ni msomaji wa polepole. Lakini kuna ukurasa mmoja Maalim alinisomea pale pale barazani, akitafsiri papo kwa papo huku kahawa inapoa, ambao sijaweza kuuondoa kichwani. Ni wa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya hukumu ya uzuri. Kant anasema: mtu akiniuliza kama kasri lililo mbele yangu ni zuri, naweza kumjibu kwamba sipendi vitu vilivyojengwa ili watu wavikodolee macho. Naweza kujibu kama yule mzee wa Kiirokwa, wa wenyeji wa Marekani, aliyepelekwa Paris na hakuna kilichompendeza kuliko mikahawa ya chakula. Naweza kuwalaani wakubwa wanaomwaga jasho la watu kwa mambo ya anasa. Naweza hata kusema kwamba ningekuwa kwenye kisiwa kisicho na watu, na kasri lingeweza kusimama kwa kutamani tu, nisingejisumbua kulitamani kama ninacho kibanda kinachonitosha. Yote hayo, anasema Kant, tuyakubali. Ila siyo tulichoulizwa. Tulichoulizwa ni kama kule kulitazama tu, bila haja nalo yoyote, kunatupa raha.

Baraza ikalipuka. Mmoja akasema huyo Mzungu ana akili, maana hata mwizi wa nyumba anaweza kukubali kwamba nyumba ni nzuri. Mwingine akasema la, huyo hajawahi kupanga chumba. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye jasho la watu na kisiwa, kwa sababu kisiwa ninacho. Nilikuwa nawaonesha wageni majumba yaliyojengwa na matajiri wa karafuu na pembe, katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, na nilikuwa nawaambia watazame nakshi. Nakshi ni nzuri kweli. Kant alikuwa ananiambia naweza kuziona nzuri bila kudanganya. Lakini pia alikuwa amenionesha, bila ya kukusudia nadhani, orodha ya yote niliyokuwa nayaruka ili nizione hivyo.

Nikaanza kuzikagua hadithi zangu. Ile ya miiba ya shaba kwenye milango, kwamba imewekwa kuzuia tembo? Desturi ya miiba hiyo inasimuliwa kuwa imetoka India, na huko huenda tembo wa vita walikuwa na habari na milango. Unguja, hebu fikiria tembo wa vita akijigeuza kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe. Wageni walikuwa wanaipenda sana hadithi hiyo. Halafu lile jumba la makumbusho la Beit el Amani, lenye kuba jeupe, lililofunguliwa mwaka 1925. Nilikuwa nawaambia watu, "Usanifu wa Kiarabu huo." Kumbe aliyelichora ni Mwingereza, John Sinclair, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeipenda sana mitindo ya Mashariki, na ndiye huyo huyo aliyechora Mahkama Kuu ya Vuga. Ule ulikuwa Uarabu wa kuchorwa na Mwingereza kwa kuwa alidhani unatufaa. Kuba ni la kupendeza hata hivyo. Bado nasimama pale kulitazama, ila sasa namtazama pia mtu aliyelichora, na alichotuwazia.

Mama yangu nilimweleza kwamba nimeanza kusoma uhakiki wa majengo. Akaacha kuchagua mchele.

"Uhakiki? Wanakuja lini? Maana safari ile waliandika watu watano humu, na watatu walikuwa wameshahama."

Kwa mama, uhakiki ni watu wa ofisi wenye karatasi, wanaohakikisha nani anakaa wapi. Nilicheka, lakini kadiri siku zilivyopita nikaona si maana mbaya hata kidogo. Kuhakiki ni kutafuta haki ya jambo, kujua kama lililoandikwa ndilo lililopo. Wahakiki wengi wa sanaa niliowasoma wangefaidika kubeba karatasi yenye safu ya "nani anakaa humu".

Nikamwuliza kama anaiona nyumba yake nzuri. Akaniuliza nzuri kwa nini. Si kwamba alikwepa swali. Kwa Kiswahili, "nzuri" ndivyo ilivyo. Chakula kizuri ni kitamu, daktari mzuri anatibu, mtoto mzuri huenda ni wa sura na huenda ni wa tabia, na ukitaka kujua ni lipi inabidi uendelee kusikiliza. Kant alifanya kazi kubwa kulitenga la kupendeza na jema na lenye faida, kila moja kwenye chumba chake. Sisi neno letu linaishi uani, wote wanachangia jiko moja. Kwa muda mrefu nililiona hilo kuwa ni upungufu wa lugha. Siku hizi naliona kama msimamo.

Nyumba yenyewe basi, maana nimeizunguka mno. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Karume iliahidi makaazi mapya kwa watu wa Ng'ambo, na Ujerumani Mashariki ikasaidia. Mpango wa mji wa mwaka 1968 ulichorwa na Mjerumani, Hubert Scholz. Nyumba za udongo zikabomolewa, barabara pana mbili zikapasuliwa zikakutana Michenzani, na kando yake yakajengwa majumba kumi, baadhi yakiwa na urefu wa karibu mita 300. Watu wakayaita treni. Michenzani ni mahali pa michenza. Sijauona mchenza hata mmoja maisha yangu yote. Baba yangu alibeba mchanga pale kwenye siku za kujitolea, na alikuwa akisema kwamba kujitolea kwenyewe, usipokwenda, unaulizwa kwa nini hukujitolea.

Mama alihamia mwaka 1974. Anaisimulia siku ile kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya bibi harusi: bomba la maji ndani, choo ndani, sakafu ya saruji isiyotoa vumbi, taa. Sauti ya pili hushuka anapofika kwenye uani. Nyumba ya zamani ilikuwa na uani, mahali wanawake wanapika, wanasukana, wanagombana na kupatana bila kuvaa buibui. Treni haina uani. Ina ngazi, ina ukumbi wa kupita, ina roshani ya kuanikia. "Tulipewa nyumba juu ya nyumba," anasema, "ila uani hawakuupandisha."

Katika vitabu nilikuja kukutana na mababu wa ukuta wetu mtupu. Adolf Loos, msanifu wa Vienna, mwaka 1910 alihutubia kwamba mapambo ni kama jinai, na kwamba kadiri watu wanavyostaarabika ndivyo wanavyoyavua. Alitoa mfano wa watu wa Papua na chale zao, kwa namna ambayo leo inatia haya kuisoma. Kwa kipimo chake, mlango wa Unguja ni shahidi wa upande wa mashtaka. Halafu wanafunzi wa wanafunzi wa fikra hiyo, wakiwa sasa wajamaa na nia njema, wakatuletea ukuta usio na hata mstari mmoja wa nakshi, na watu wa Ng'ambo wakautundikia kanga kutoka chini mpaka juu. Yule mama wa Leipzig alipiga picha hiyo, naamini. Mimi nilikuwa siijui kuwa ni picha.

Aliyenifungua macho hasa kuhusu Mji Mkongwe ni mtu wa Vienna vile vile, Alois Riegl. Mwaka 1903 aliandika juu ya namna watu wa zama zetu wanavyoziabudu kumbukumbu za kale, akachambua kwamba jengo moja linaweza kubeba thamani kadhaa zinazogombana. Kuna thamani ya historia. Kuna thamani ya matumizi. Kuna thamani ya upya, inayopendwa na watu wengi, ile ya rangi mbichi na ukuta usio na ufa. Na kuna thamani ya ukongwe: ile raha ya kuona wakati ulivyolila jengo, chokaa iliyobanduka, ukungu, ngazi iliyolika katikati. Thamani hii, anasema, haihitaji elimu. Hata asiyejua tarehe moja anaihisi.

Niliposoma hapo niliufunga ule mkusanyo wa karatasi nikacheka peke yangu. Mji *Mkongwe*. Tumeuita mji wetu kwa jina la thamani moja kati ya zile zote! Na ndiyo ninayoiuza. Mgeni hupiga picha ukuta uliooza akasema unapendeza, na mwenye nyumba, akiwa amesimama mlangoni, anatamani apate fedha aupake rangi. Wote wawili wana macho. Mmoja anaona ukongwe, mwingine anaukosa upya.

Riegl anaongeza jambo chungu zaidi: kwamba ukongwe, ukiachiwa uende utakako, hujila wenyewe. Anayependa kuoza kwa jengo hawezi kutaka lisitishwe kuoza, na mwisho wake ni kifusi.

Tarehe 25 Desemba 2020 Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la masultani pale Forodhani, iliporomoka. Ilikuwa kwenye matengenezo. Sehemu ya mbele na mnara wa saa vilishuka, na watu wawili walikufa. Nilifika Forodhani nikakuta vumbi limeshatua juu ya majani ya miti, na mzee mmoja ameshika kichwa kama aliyefiwa. Ndani yake palikuwa na makumbusho, na mfano wa mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, ambao nilikuwa nawaonesha watoto wa shule. Sehemu moja ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Kati ya hapo na hapo tuliendelea kulipiga picha.

Lakini ajabu yenyewe ni hii. Sultani Barghash alipolijenga, mwaka 1883, hakujenga kitu cha kale. Nyumba za mawe za Unguja zilikuwa na vyumba vyembamba, kiasi cha mita 3 kasoro, kwa sababu dari lilishikwa na boriti za mikoko na boriti hazirefuki zaidi ya hapo. Mkoko ndio uliokuwa mchora ramani. Yeye akaleta nguzo na mihimili ya chuma kwa meli, akapata kumbi pana ambazo mkoko usingeziruhusu. Baadaye likawa jengo la kwanza Unguja kupata umeme, likawa na lifti. Mnara wa saa wa mbele uliwekwa baada ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Ndiyo maana likaitwa la ajabu: lilikuwa geni, la kisasa, la kuagizwa ng'ambo, kwa maana ile nyingine ya ng'ambo. Miaka 90 baadaye majumba ya Michenzani yakaja nayo yakiwa mageni, ya kisasa, ya kuagizwa. La kwanza tumeliita urithi. Ya pili tumeyaita makosa ya Wajerumani. Tofauti kubwa iliyopo baina yao, nikaanza kuamini, ni umri na watu walioandika.

Hapo ndipo nilipopotea kwa upande wa pili.

Nilikuja juu. Nikawa mhubiri wa zege. Katika miaka ya 2010 watu wa mipango miji walianza kuiangalia Ng'ambo upya, ukafanyika mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ramani zikachorwa za mabaraza, maskani, majumba ya sinema na miti yenye majina. Nami nikapata kazi ndogo ya kuwapeleka wachoraji nyumba kwa nyumba. Nikaijua misamiati yote. Jioni moja nikamhutubia mama, nikiwa nimesimama roshanini mwake, juu ya mdundo wa madirisha, ukweli wa saruji isiyojificha, ndoto ya usawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akaniambia, "Vizuri mwanangu. Sasa ukashushe ndoo mbili, maji hayajapanda leo siku ya tatu."

Nikashuka. Wakati ule maji ya bomba yalikuwa hayafiki ghorofa za juu kwa siku nyingi, na lifti haijawahi kuwepo. Ndoo ya lita 20 ukiipandisha ghorofa nne kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye ukuta, unaujua ukuta huo kwa namna ambayo hakuna picha itakayokupa: mahali plasta imekuwa laini kama sabuni kwa viganja vya miaka 40, mahali pa kona ambapo ndoo hugonga na kila mtu hugonga pale pale, mpaka pakachimbika bakuli dogo. Nilipofika juu fulana imelowa, nikalikumbuka neno la Riegl. Thamani ya ukongwe, nayo ipo Michenzani. Imeandikwa kwa viganja na ndoo, na haiuziki kwa mtalii.

Maalim alikuwa bado hai. Nilimpelekea jambo hilo naye akanipa, kama kawaida yake, Mjerumani mwingine. Martin Heidegger, mtu ambaye Maalim alimtaja kila mara na kumalizia, "na alikuwa Nazi, usisahau". Mwaka 1951, Ujerumani ikiwa na uhaba wa nyumba baada ya vita, alitoa mhadhara mjini Darmstadt akisema kwamba neno lao la kujenga, ukilifukua asili yake, lilikuwa na maana ya kukaa. Kwamba hatukai kwa sababu tumejenga. Tunajenga kwa sababu sisi ni viumbe wa kukaa.

"Wao wamefukua," Maalim akasema. "Sisi tunalo juu ya meza. Unakaa wapi? Kaa hapa. Na kanzu ikikutosha sawasawa unaambiwaje?"

"Imekukaa."

"Basi. Kawaulize wachoraji wako kama jumba limewakaa watu wa Michenzani. Wasiulize kama ni zuri."

Nililiuliza swali hilo kwenye nyumba nyingi sana, na majibu yake yalikuwa marefu kuliko ya dodoso lolote. Limenikaa begani, kiunoni linabana, alisema fundi cherehani mmoja wa jumba la jirani. Mwingine akasema lilikuwa halijamkaa mpaka alipofungua kigenge chini ya ngazi. Hapo ndipo nilipoona kwamba watu walikuwa wameshalihakiki jumba siku nyingi, kwa mikono: baraza ya saruji iliyoongezwa mlangoni, dirisha lililogeuzwa duka, roshani iliyozibwa ikawa jiko. Kila nyongeza ni sentensi ya kumjibu aliyechora.

Kuhusu sanaa yenyewe, ya kuning'iniza, nina machache. Mgeni mmoja aliwahi kunikasirikia madukani Hurumzi kwa kuwa aliona picha ile ile ya Tingatinga, twiga wale wale na ndege wale wale, kwenye maduka matatu. Alihisi ametapeliwa. Nikamweleza kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972, aliacha ndugu na wanafunzi waliojifunza kwa kurudia, na kwamba kurudia ndiko kunakolisha nyumba. Hakuridhika. Kwake sanaa ni ya pekee au si sanaa. Nikafikiria kanga ya mama. Huchapwa kwa maelfu na hakuna aliyewahi kuiita bandia, kwa sababu kanga haijakamilika dukani: inakamilika siku mwanamke anapochagua kuivaa ile yenye jina lile, na kupita nayo mlango ule, jirani yule akiwepo. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Turner, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, amechora kazi zinazofuata muundo wa kanga, na maneno yake. Nilipomwonesha mama picha zake kwenye simu aliangalia pindo, akaangalia mji, akauliza anaishi wapi. Nikamwambia Uingereza. "Mji ameujua," akasema. Sehemu ya katikati ya kanga ndiyo huitwa mji. Mpaka leo sijui alikusudia upi.

Mwaka juzi nilipewa wanafunzi wanne wa usanifu niwatembeze. Sikuanza Forodhani. Nilianza Michenzani, chini ya ngazi za mama, na nikawaambia wapande kwanza, maneno baadaye. Mama anazipanda ngazi zile kwa tasbihi, kwa ajili ya magoti: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, na Allahu Akbar anazianza mlangoni akitafuta ufunguo. Ngazi 66. Ameshazipanda hivyo miaka mingi kuliko umri wa wale wanafunzi.

Mmoja wao, msichana mwenye futi ya chuma kiunoni, alikuwa amezihesabu pia na kupima kila moja. Tulipokuwa tunakunywa chai akasema kwa heshima, "Bibi, nimepata 65."

"Sitini na sita," mama akasema.

"Nimehesabu mara mbili, Bibi."

"Mjukuu wangu, nikikosea moja nafika mlangoni na Alhamdulillah mkononi. Sijawahi kufika nayo."

Yule msichana akanitazama mimi. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezipanda maisha yangu yote bila kuhesabu. Tukashuka, sote watano. Chini kabisa, pale jumba linapokutana na uwanja, tofali mpya za sakafu zilikuwa zimetandikwa, safi, za rangi mbili. Nikachutama, nikafuta mchanga kwa kiganja. Kati ya tofali na ukuta palikuwa na ukingo wa saruji ya zamani, umechomoza kama vidole viwili, umelika katikati. Msichana akapima upana wake. Ulikuwa sawa na wa ngazi nyingine.

Kutoka juu, kwenye roshani, baina ya nguo, mama alikuwa ameinama.

"Mmeiona?"